Mbio za Mtalawanda

Mtu aliyelelewa katika nyumba za miji ya pwani hasahau mlio wa mtalawanda, kile kiatu cha mti chenye kikonyo cha kubanwa baina ya kidole gumba na kidole cha pili, ambacho humtangaza mvaaji wake tangu msalani hata ukumbini kabla hajaonekana, humwinua juu ya majimaji, humpa kisimamo cha mtu mwenye kauli katika nyumba, lakini humnyima jambo moja, nalo ni mbio. Nimeanza na kiatu hiki kwa sababu sikupata mfano ulio karibu zaidi na jamii moja ya herufi za chapa ambayo msomaji huiona aghalabu kila siku, katika vichwa vya magazeti, katika mabango ya njiani, katika fulana za wachezaji na katika barua za zamani za serikali, na huenda hajapata kuuliza jina lake.

Ichukue herufi I kubwa uitazame kwa makini. Katika baadhi ya maandishi utaiona ni nguzo tupu, haina kitu kichwani wala miguuni, kama mtu aliye pekupeku. Katika mengine, na haya ndiyo mengi katika vitabu vya hadithi, utaona nguzo ile imepanuka polepole chini na juu ikaishia katika ncha nyembamba pande mbili, mfano wa mtu aliyevaa makubadhi mepesi ya ngozi. Wataalamu wa chapa huviita vikanyagio hivyo serifu. Sasa iko jamii ya tatu, ambayo serifu zake hazikupanuka polepole wala hazikuishia nchani, bali zimekatwa kama vipande vya mbao, unene wake ukikaribia au ukilingana na unene wa nguzo yenyewe. Hiyo ndiyo serifu bamba, na hiyo ndiyo ninayoiita herufi iliyovaa mtalawanda. Ikiongezwa unene hata wino ukatawala na weupe ukasalia kidogo, huitwa nzito. Ikiinamishwa kuelekea kuume, aghalabu kwa kiasi cha digrii 8 hadi 12, huitwa ya mlazo, au italiki. Herufi iliyokusanya sifa zote tatu ndiyo kisa chetu, maana bamba na uzito humwambia msomaji simama, na mlazo humwambia twende. Na fundi anayeitengeneza ana kazi ya kumkimbiza mtu mnene aliyevaa mtalawanda pasipo kumwangusha.

Jamii hii si ya kale sana. Kwa zaidi ya karne tatu baada ya Gutenberg, baba wa chapa ya Ulaya, kazi kubwa ya wapiga chapa wa Ulaya ilikuwa vitabu, na kwa kitabu, ambacho msomaji hukishika mkononi akakaa nacho kitako, herufi ya upole hutosha. Mambo yaligeuka London mwanzoni mwa karne ya 19, bidhaa zilipokuwa nyingi kuliko wanunuzi waliozoea kuzitafuta wenyewe, na kila mwenye dawa, mwenye mchezo wa jukwaani, mwenye merikebu ya abiria na mwenye tikiti za bahati nasibu akataka karatasi ya ukutani itakayomkamata mpita njia ambaye hakukusudia kusoma. Herufi ya kitabu, hata ikikuzwa, katika kazi hiyo ilikuwa kama mwalimu mpole aliyepelekwa sokoni kunadi samaki. Ndipo Vincent Figgins, mtengeneza herufi wa mji huo, alipoonyesha katika kitabu chake cha vielelezo chenye tarehe ya 1815 herufi kubwa nyeusi zilizokanyaga mabamba, akazipa jina lenye maana ya ukale, ingawa hazikuwa na ukale wowote.

Katika mji huohuo Robert Thorne, mwenye kiwanda cha Fann Street, alikuwa amechonga zake, akafariki mwaka 1820 kabla ya kuziona sokoni. Kiwanda kikapigwa mnada, na aliyekinunua alikuwa William Thorowgood, mtu asiyekuwa mchonga herufi hata kidogo, aliyekuja na fedha za ushindi wa bahati nasibu. Naye mwaka 1821 akazitangaza herufi za marehemu kwa jina la Kimisri. Hivyo herufi iliyozaliwa kwa ajili ya matangazo, yakiwamo ya bahati nasibu, ilipata mlezi kwa bahati nasibu yenyewe, kisa ambacho mtunzi wa hadithi angeona haya kukibuni.

Na Misri iliingiaje? Tangu Napoleon alipoivamia nchi ile mwaka 1798, na wanazuoni aliofuatana nao wakarudi na michoro ya mahekalu na mawe yenye maandishi, Ulaya ilishikwa na wazimu wa mambo ya Kimisri, hata viti, vyombo vya mezani na mapambo ya kuta vikauzwa kwa jina hilo. Kitu kizito, kigeni na cha kushangaza kilikuwa cha Kimisri, na habari ikaishia hapo. Wala herufi hizo hazikuchukua chochote katika maandishi ya mafarao, ambayo Champollion alianza kuyafumbua mbele ya watu mwaka 1822, baada ya jina kukwisha kutolewa. Lakini jina likishika halitoki kwa hoja. Miaka zaidi ya 100 baadaye, jamii hii ilipofufuliwa kwa sura mpya iliyopimwa kwa bikari na rula, Wajerumani waliiita yao ya mwaka 1929 Memphis, na kiwanda cha Ludlow cha Chicago kikaita ya kwake Karnak, kana kwamba herufi za London zilikuwa zikirudishwa kwao.

Marekani ndiko mtalawanda ulikopata kuwa mtalawanda hasa, yaani wa mti. Herufi ya risasi yenye kimo cha shubiri ni nzito mno kuinua, ghali mno kununua, na katika kupoa kwake haipoi sawasawa, uso wake hubonyea. Kwa hiyo Darius Wells wa New York mwaka 1827 alitengeneza chombo cha kuchonga herufi kwa wingi katika mbao ngumu, na mwaka 1834 William Leavenworth akakiunganisha na mkono wa kunakili, ambao kwa kielelezo kimoja uliweza kutoa herufi ya ukubwa wowote. Serifu bamba zilikubali mbao kwa furaha, maana kitu chembamba katika mbao huvunjika, nazo hazikuwa na kitu chembamba. Mabango ya sarakasi, ya minada na ya wahalifu wanaotafutwa, ambayo sinema za Kimarekani zimetuzoesha kuyaona, yote ni matunda ya zama hizo.

Hata hapo herufi nzito ilikuwa mtu wa barabarani tu, haijakaribishwa ndani ya kitabu. Aliyeikaribisha ni Robert Besley wa kiwanda kilekile cha Fann Street, ambaye mwaka 1845, kwa mkono wa mchongaji Benjamin Fox, alitoa herufi aliyoiita Clarendon. Mabamba yake yalilainishwa pale yanapokutana na nguzo kwa mkunjo mdogo, mfano wa mtalawanda uliokwisha kuvaliwa ukazoea mguu. Na muhimu zaidi, ilipimwa ili ikae katika mstari mmoja na herufi za kawaida, neno moja jeusi katikati ya maneno ya kijivu. Jambo hilo leo tunaliona kama la tangu na tangu, lakini kabla yake mpiga chapa aliyetaka neno litokeze alikuwa na herufi kubwa, au mlazo, au nafasi. Sheria ya Uingereza ilimpa Besley ulinzi wa miaka mitatu, na ilipokwisha washindani wakainakili bila haya. Jina la Clarendon likawa, kwa wapiga chapa wengi wa nchi ile, jina la uzito wenyewe. Ile kamusi kuu ya Kiingereza iliyoanza kutolewa Oxford mwaka 1884 chini ya James Murray iliweka vidahizo vyake kwa herufi za namna hiyo, na kila kamusi ya Kiswahili tunayoifungua leo tukakuta neno jeusi kushoto na maana yake ya kawaida kuume inakula matunda ya shauri lile.

Besley lakini hakuipa herufi yake ndugu wa mlazo, na nadhani hakusahau, aliogopa. Maana mlazo ni mtoto wa ukoo mwingine kabisa. Ulizaliwa Venice, ambako mwaka 1501 Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kuigiza mwandiko wa wasomi wa zama zile, mwandiko wa mkono usiotaka kuinuka karatasini, unaovuta herufi hii hata ile kwa vijikia vyembamba. Asili ya mlazo, basi, ni kalamu iendayo mbio, na asili ya serifu bamba ni patasi na ubao. Mmoja ametoka mezani kwa karani na mwingine ametoka karakana ya seremala, na arusi ya watu hao wawili haiwezi kufungwa kwa kumwinamisha seremala tu.

Hata hivyo kuinamisha tu ndiko kulikofanywa na wengi. Mafundi wa miaka ya 1930, waliopenda duara la bikari na mstari wa rula, hawakuona sababu ya kuleta mambo ya kalamu katika kazi yao. Walichukua herufi ya wima wakaisukuma bega, wakarekebisha palipopotoka, wakaiita mlazo. Sitawalaumu, kwa kuwa wale waliofanya kwa subira walipata kitu chenye haiba ya mashine, kama garimoshi lililochorwa likiwa kasini. Lakini subira yenyewe ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Chora O nene yenye unene sawa pande zote, kisha uisukume juu yake kuelekea kuume: utaona kwamba duara limekuwa yai lililolala, na unene uliokuwa sawa umehama, ukajaa pembe ya juu ya kuume na pembe ya chini ya kushoto, ukapungua katika pembe mbili nyingine, hata herufi inaonekana kuwa na vidonda viwili vilivyovimba. Katika herufi nyembamba kasoro hiyo hujificha. Katika herufi nzito haina pa kujificha, kwa hiyo fundi hana budi kuichonga O upya kwa jicho, akipunguza hapa na kuongeza pale, mpaka jicho lidanganyike kwamba hakuna kilichopunguzwa wala kuongezwa.

Fundi aliyekusudia mlazo wa kweli ana kazi zaidi, na hapa ndipo mimi, kama mtazamaji tu nisiye fundi, ninapopata raha kubwa. Herufi a ya wima ina tumbo chini na paa juu. Ile ya mlazo huacha paa, ikawa tumbo lenye mkia, kama tunavyoiandika kwa mkono. Herufi f hushusha mguu chini ya mstari. Na herufi n, ambayo ikiwa wima imevaa mitalawanda miwili, kila mmoja umetokeza kushoto na kuume, lazima iulizwe ni mtalawanda upi itakaouvua. Kwani ikibaki nayo yote haiwezi kukimbia, na ikiivua yote si ya ukoo wake tena. Jawabu lililokubaliwa na mafundi hodari ni kuacha bamba la nusu juu kushoto, pale kalamu ingeingilia, na bamba la nusu chini kuume, pale kalamu ingetokea, na kufuta mengine. Herufi ikapata kisigino cha kusukumia na ncha ya kutulia, ikaenda. Kisha ikabanwa kidogo upana, maana kitu kilichoinama huonekana kipana kuliko kilivyo, na pale tao la n linapoungana na nguzo pakachimbwa kijishimo chembamba, ili wino usije ukaganda hapo ukafanya doa.

Zama za risasi ziliongeza shida ambayo kijana wa leo hawezi kuiwazia. Herufi ya chapa ilikuwa kijiti cha madini, risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, kilichomiminwa katika kalibu ya shaba, na kijiti hicho kilikuwa na pembe za mraba. Herufi iliyolala ndani ya kijiti cha mraba, hasa f, hutoa kichwa upande huu na mkia upande ule, vikining'inia hewani nje ya kijiti chake juu ya bega la jirani. Na chapa ikishindilia, au mpangaji akidondosha sanduku, kichwa hukatika.

Wahariri wa zamani walikuwa na alama zao za kumwagiza mpangaji herufi kwenye prufu, yaani nakala ya kusahihishia, na nyingine zimebaki hata leo: mstari mmoja ulionyooka chini ya neno maana yake lilaze, mstari wa mawimbi maana yake lifanye zito, na mistari yote miwili pamoja, mmoja shwari na mmoja wa bahari iliyochafuka, maana yake lifanye zito na la mlazo. Waandishi wa Kiswahili waliotangulia, walioiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, hawakuyahitaji haya. Neno lililotaka kutokeza waliweza kulipa wino mwekundu, au wakazivuta herufi zake hata likatanda mstari. Uzito na mlazo wa kuchapwa ni ada za herufi za Kirumi, zilizotufikia pamoja na mitambo ya wamisionari katika karne ya 19, nasi tumezipokea pamoja na hukumu yake ngumu, ambayo ni kujua lini zitumike.

Matumizi yaliyo halali zaidi ni yale ambamo kanuni mbili zimekutana. Mlazo umewekewa majina ya vitabu, maneno ya kigeni na majina ya kitaalamu ya viumbe. Uzito umewekewa vichwa vya habari. Sasa mwandishi wa kilimo akiandika kichwa kuhusu mbuyu, na ndani ya kichwa hicho akataka kutaja Adansonia digitata, jina hilo haliwezi kusimama wima kwa kuwa desturi ya elimu ya mimea hailiruhusu, wala haliwezi kuwa jepesi kwa kuwa kichwa kizima ni kizito. Halina pa kwenda ila kuwa zito na la mlazo. Wanafizikia wengi nao huandika kwa uzito na mlazo alama ya kila kitu chenye kiasi na mwelekeo, kama nguvu na kasi, ijapokuwa kwao mtalawanda si sharti. Nje ya hayo ni kazi ya kunadi: neno MPYA katika kona ya tangazo, jina la timu kifuani, bei iliyopunguzwa, jina la mashindano ya magari. Penye haja ya nguvu na mwendo kwa pamoja, katika maneno mawili au matatu, sijui herufi inayoishinda hii.

Katika maneno 30 hainishawishi. Rafiki yangu mmoja aliniletea kadi ya arusi ya bintiye, imepigwa chapa yote, tangu bismillahi hata namba ya simu, kwa herufi nzito za mlazo zenye mabamba, tena kwa wino wa dhahabu. Na mzee yule, aliyekuwa akialika kwa taadhima kubwa, katika kadi ile alionekana kama mtu anayemwamuru mwalikwa awahi kabla mali haijakwisha. Nilimwambia kadi ni nzuri. Alinitazama, akasema, "Ndugu yangu, hata mimi nimeogopa kukosa arusi yangu mwenyewe."

Wale waliopata kupokea barua za ofisini kabla ya kompyuta wanaijua serifu bamba kwa sura nyingine, nyembamba na yenye adabu, ile ya taipureta. Mashine ile iliipa kila herufi nafasi sawa, i ikapewa uwanja uleule wa m, na i ingepotea katika uwanja huo kama isingalinyoshewa mabamba marefu kuume na kushoto. Courier, iliyosanifiwa na Howard Kettler kwa ajili ya taipureta za IBM katika miaka ya 1950, ndiyo mashuhuri yao. Lakini taipureta ya kawaida haikuwa na mlazo, wala uzito ila kwa kupiga herufi moja mara mbili. Karani aliyetaka mkazo alirudi nyuma akapiga mstari chini ya neno, na ndiyo maana watu wengi wa makamo bado wanapigia mstari vichwa vya barua zao hata katika simu.

Leo kila mtu ana kitufe cha uzito na kitufe cha mlazo, na hatari imetoka hapo. Fonti njema huja na ndugu zake waliochongwa kila mmoja peke yake: wima, mlazo, nzito, na nzito ya mlazo. PMN Caecilia ya Mholanzi Peter Matthias Noordzij, iliyotolewa mwaka 1990 na kujulikana baadaye na wasomaji wa vitabu vya Kindle, ilisifiwa kwa kuwa mlazo wake ni wa kalamu hasa. Sentinel ya mwaka 2009 iliwapa watu wa ukoo wa Clarendon ndugu ambaye Besley hakuwapa. Kwa asiye na fedha ya kununua zipo Arvo na Zilla Slab, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya Mozilla mwaka 2017, nazo hutolewa bure pamoja na nzito za mlazo zilizochongwa kweli. Lakini Roboto Slab, inayopendwa sana, ilitoka bila mlazo, na anayebonyeza kitufe akiwa nayo hapewi herufi, hupewa herufi ya wima iliyosukumwa na mashine isiyo na jicho, pamoja na vidonda vyake viwili katika O.

Kuitambua si kazi. Ukipita kesho penye duka la kuchapa mabango, tafuta neno lililolala lenye miguu ya bamba, uitazame kwanza a kama imeacha paa, kisha n kama imevua mtalawanda wa kushoto. Na kama haikufanya lolote katika haya mawili, iangalie O, katika pembe ya juu ya kuume.